Kigari cha duka kinatambua kila kitu, mfuko wa Rubaya nani anautambua?

Ndugu wachimbaji wa Masisi na Walikale, pamoja na mama na watoto mnaowangojea nyumbani, leo tunaanzia mbali kidogo, ndani ya maduka makubwa ya watu wengine. Mtuvumilie, tutafika Rubaya.

Kuna maduka Marekani ambamo mteja hapangi tena mstari ili alipe. Anasukuma kigari, kile tunachoita chariot, lakini hiki ni kigari chenye akili. Akitia ndani chupa ya mafuta, kigari chenyewe kinajua ni mafuta gani, bei yake ni ngapi, na jumla inaonekana kwenye kioo kidogo mbele ya macho yake. Akitoa ile chupa na kuirudisha, jumla inapungua. Akimaliza anatoka, malipo yanakatwa kwa kadi ya benki. Amazon ilionyesha kigari chake, Dash Cart, mwezi wa saba 2020. Mwaka uliofuata kampuni Instacart ilinunua Caper, watengenezaji wengine wa vigari hivi, kwa dola milioni 350. Na mambo haya hayakubaki kwa Wazungu: mwaka 2025 maduka ya Checkers, Afrika Kusini, yalianza kujaribu kigari cha namna hiyo.

Akili yake si uchawi. Kigari kina kamera zinazotazama mkono wako. Kina mashini ya kusoma ile mistari myeusi na myeupe iliyochapwa kwenye kila paketi, code-barres, iliyosomwa dukani mara ya kwanza tarehe 26 mwezi wa sita 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, juu ya paketi ya chingamu. Halafu, chini ya kikapu, kuna mizani. Kamera inasema: hii ni sukari. Mistari inasema: hii ni sukari ya kilo moja. Mizani inajibu: ndiyo, kilo moja imeongezeka. Mashahidi watatu wakipatana, bei inaandikwa. Wasipopatana, kigari kinamwita mfanyakazi wa duka aje aangalie.

Mshike vizuri hiyo habari ya mashahidi watatu, tutairudia.

Sasa mtatuuliza: sisi tunaonunua unga na chumvi kwa mama wa butiki, tena kwa deni mpaka siku ya kuuza mawe, mambo ya kigari yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Njia ya kwanza mnaijua, maana mikono yenu imo ndani. Vyuma vidogo vya elektroniki vinashikamanishwa kwa bati, ile étain inayotoka katika kasiterite, na mgodi wa Bisie peke yake, kule Walikale, unahesabiwa kutoa karibu asilimia 6 ya bati yote inayochimbwa duniani. Katika vifaa vingi kama hivyo, kuanzia simu mpaka kompyuta, kunatumika pia tantale, ambayo ni koltani iliyosafishwa. Mwezi wa tisa 2024 Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Rubaya inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantale ya dunia. Kigari kinachomtambua mteja wa California kinaweza kabisa kuwa na kipande cha mlima wetu ndani yake, ila hakijui.

Njia ya pili ndiyo inayotuleta leo. Ile kazi ya kubandika alama kwenye kitu ili mashini iseme kimetoka wapi na kina uzito gani, sisi tuliipata mapema. Hatukuipata dukani, tuliipata kwenye mlima. Ni etiketi.

Wazee wa Walikale wanakumbuka wakati ambapo hakukuwa na etiketi. Kasiterite ya Bisie ilianza kuchimbwa karibu na mwaka 2002. Maelfu ya vijana walipanda kule. Wabebaji walitembea msituni siku mbili na mfuko wa kilo 50 mgongoni mpaka Njingala, kisha mawe yakafika Kilambo, mahali ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe, juu ya lami, magari yakingoja pembeni. Ndege hizo zilirudi kutoka Goma na chumvi, sabuni, bia na nguo. Mlima wenyewe ulishikwa mpaka 2009 na wanajeshi wa brigade ya 85, waliokuwa wanakata sehemu yao. Lakini mfuko ukishafika Goma ulikuwa mfuko tu. Uwe umetoka kwenye shimo la kijana aliyelipishwa kwa bunduki, uwe umetoka mahali pa amani, hakuna aliyeweza kutofautisha. Mawe hayana sura.

Ndipo Marekani ikapiga sheria mwezi wa saba 2010, ile ya Dodd-Frank, ambamo kifungu cha 1502 kinataka kampuni zenye hisa kwenye soko zieleze kama bati, tantale, wolframu na dhahabu yao vinatoka kwetu au kwa majirani zetu. Mwezi wa tisa mwaka huo huo Rais Kabila alifunga uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Ile miezi sita Walikale haijaisahau. Ndege zilipopungua, chumvi ilipanda bei, na watoto walirudishwa kutoka shule kwa sababu ya minerval. Marufuku ilipoondolewa, wanunuzi wakubwa hawakurudi, walisema tu: bila etiketi hatununui.

Hivyo iTSCi ikaja. Ni mpango wa wenyewe wenye viwanda, ulioanzishwa na ITRI (siku hizi inaitwa International Tin Association) pamoja na T.I.C., chama cha watu wa tantale. Ulianza Katanga 2011, ukafika Rubaya 2014. Wengi wenu mmeona kazi yake kwa macho. Mfuko unaposhuka kutoka kwenye shimo, ajenti wa Leta, awe wa SAEMAPE au wa Division des Mines, anaupima, anaufunga kwa kipande cha plastiki chenye namba na ile mistari ya code-barres, kisha anaandika kwenye daftari: tarehe, mahali, kilo, namba. Mawe yakishaoshwa na kufika kwa négociant, mfuko unafungwa tena kwa etiketi ya pili, na daftari linaandikwa tena. Kutoka hapo ni comptoir, CEEC, cheti cha CIRGL, na safari ya nje.

Kwenye karatasi, huo ni ule ule ubongo wa kigari. Kuna mistari, kuna uzito, kuna jicho la mtu badala ya kamera. Basi kwa nini kigari kinafaulu dukani na etiketi imeshindwa mara nyingi hapa kwetu? Sisi tunaona kwamba tatizo halikuwa plastiki, na kwa hiyo kubadili plastiki na kuleta mashini yenye akili zaidi hakutatosha.

Tuanze na mizani. Paketi ya sukari ina kilo moja asubuhi, na jioni bado ni kilo moja. Duka linajua uzito wa kila kitu kabla mteja hajaingia, ndiyo maana mizani ya kigari inaweza kuwa kali. Mawe yetu hayako hivyo. Mfuko ukitoka shimoni una udongo na maji. Ukioshwa, unapungua. Ukipanguswa chuma kwa sumaku, unapungua tena. Tuseme ulikuwa kilo 50, ukabaki 35: ni nani atakayesema kwamba ilipaswa kubaki 33 au 38? Hakuna namba moja ya kweli, na ndani ya nafasi hiyo ndogo mtu mwenye mkono mwepesi anatia kilo za mlima mwingine. Akifanya hivyo kwa mifuko mia moja, tayari ni mamia ya kilo. Daftari litabaki safi, namba zitafuatana vizuri.

Kisha tuangalie njia. Dukani, kutoka rafu mpaka kigarini ni hatua mbili, na hakuna mtu katikati. Kwetu kutoka shimo mpaka comptoir kuna mwenye shimo, kuna mbebaji, kuna mnunuzi mdogo anayepanda mlimani na franga mfukoni, kuna motari, kuna barrière moja, mbili, saba. Na kila anayesimama njiani ana sababu ya kutaka mfuko useme kitu kingine kuliko ukweli. Etiketi yenyewe ikaanza kuwa bidhaa. Panapokuwa na etiketi na hakuna mawe, na mahali pengine pana mawe bila etiketi, hivyo viwili vitatafutana mpaka vikutane. Hapo hapahitajiki mtu mbaya sana, inatosha bei mbili kwa mawe ya aina moja.

Rubaya ilionyesha jambo hili wazi kuliko mahali pengine. Mwisho wa 2018, SMB, kampuni yenye kibali cha Bibatama, iliacha iTSCi na kuchukua mpango mwingine, wa RCS Global, wakati jirani yake, kwenye eneo la SAKIMA, aliendelea na iTSCi. Mnaijua milima ile: mtu anatoka upande mmoja kwenda mwingine kwa miguu kabla uji haujapoa. Milima ilikuwa ile ile, wachimbaji wale wale, lakini etiketi zikawa za aina mbili, zenye masharti mawili na wanunuzi wawili. Mwezi wa nne 2022 shirika Global Witness lilitoa ripoti iliyoandika kwamba koltani ya upande mmoja ilikuwa inapita na etiketi za upande mwingine, na kwamba mambo ya namna hiyo yalionekana pia Kivu ya Kusini, upande wa Nzibira. iTSCi ilikataa mashtaka hayo. Lakini mwezi wa kumi mwaka huo Responsible Minerals Initiative, chama kinachosikilizwa na kampuni kubwa za elektroniki, kiliiondoa iTSCi kwenye orodha ya mipango inayoitambua.

Mchimbaji katika hayo yote alikuwa wapi? Alikuwa chini ya shimo, na taa kichwani. Hakuitwa Londres, wala Bruxelles, wala Kinshasa. Aliona tu siku moja négociant anamwambia bei imeshuka, juu ya mambo ya etiketi.

Hapa tupumue kidogo, turudi dukani, maana kuna kisa kinachofaa kusikika. Kabla ya kusukuma vigari vyake, Amazon ilikuwa na akili nyingine: kamera kwenye dari la duka, mteja anachukua na kuondoka, bila kigari wala kitu. Mwezi wa nne 2024 iliondoa mpango huo katika maduka yake ya Amazon Fresh na kuweka Dash Cart. Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba nyuma ya zile kamera walikuwako watu karibu elfu moja huko India, wakitazama video na kusahihisha mashini. Amazon ilikataa namna jambo hilo lilivyoelezwa, ikasema kazi yao ilikuwa hasa kuifundisha mashini na kuhakiki sehemu ndogo tu. Hata tukichukua maneno ya Amazon yenyewe, jambo moja linabaki: nyuma ya mashini inayotambua kila kitu, kuna mtu anayelipwa ili aangalie. Duka linampa mshahara. Kama amekosea, hasara ni ya duka.

Na ajenti wetu anayefunga etiketi? Ninyi mnawajua. Anapanda mlima kwa miguu, mshahara wake wa Leta unachelewa au haufiki, na mbele yake anasimama mtu mwenye bunduki au mtu mwenye noti. Tunaposoma ripoti zinazomlaumu yeye peke yake, tunajiuliza kama walioziandika wamewahi kulala Rubaya siku moja ya mvua. Hatusemi aiachwe rushwa. Tunasema shahidi asiyelipwa hawezi kuwa shahidi kwa muda mrefu.

Gharama nayo tuitaje, maana ndiyo inayoingia nyumbani. Dukani, mwenye duka ndiye aliyenunua vigari. Bei ya nyanya haikupanda kwenye kigari ikilinganishwa na kikapu cha kawaida. Kwetu, comptoir inalipa ada ya mpango kwa kila tani, na comptoir haikubali kubaki na mzigo huo. Inamkata négociant, négociant anamkata mnunuzi mdogo, na mwisho wa ngazi ni mchimbaji ambaye hana mtu wa kumkata, isipokuwa mke wake na watoto wake. Kwa maneno mengine, aliyekuwa maskini zaidi ndiye aliyelipia uhakika wa moyo wa mnunuzi wa simu.

Halafu ikaja vita mpya, na hapa mambo ya etiketi yalifika mwisho wa barabara. M23 iliingia Rubaya mwisho wa mwezi wa nne 2024. Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliandika, katika ripoti yao ya mwisho wa mwaka ule, kwamba M23 iliweka utawala wake juu ya migodi na biashara, ikakusanya kodi isiyopungua dola 800,000 kila mwezi, na kwamba angalau tani 150 za koltani zilipelekwa Rwanda kwa magendo na kuchanganywa na mawe ya Rwanda. Waliuita huo uchafuzi mkubwa kuliko wote waliouona katika njia za madini za eneo letu kwa miaka kumi. Rwanda inakataa. Mwezi wa kwanza 2025 Goma ikaanguka. Mwezi wa pili, Waziri wa Madini huko Kinshasa alitia alama nyekundu kwenye migodi 38 ya Masisi na Kalehe: hakuna kununua, hakuna kuuza.

Mfikirie kidogo ile alama nyekundu kwa akili ya kigari. Kigari kikiona kitu ambacho hakiko kwenye orodha, kinakataa kukiandika, na kitu kinarudi kwenye rafu. Mlima hauwezi kurudi kwenye rafu. Mawe yaliendelea kutoka kwa sababu watu waliendelea kula. Yaliyokataliwa upande mmoja yalitafuta mlango upande mwingine, na yakikuta mlango yanapata etiketi nzuri ya pale yalipofika. Hapo mashini yoyote duniani, hata ya Amazon, ingesoma ile namba na kuwasha taa ya kijani. Ingekuwa imesoma sawasawa kabisa, na ingekuwa imedanganywa kabisa.

Walikale pia ilionja. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2025 kampuni Alphamin ilisimamisha kazi Bisie na kuondoa wafanyakazi. Siku chache baadaye M23 iliingia Walikale-centre, ikatoka mwanzo wa mwezi wa nne, na mgodi ukaanza tena kidogo kidogo. Bisie ya leo si ile ya wabebaji wa Njingala: tangu 2019 ni mgodi wa mashini, wenye mlango mmoja na kampuni moja. Huko etiketi ni rahisi zaidi kuaminika, kwa sababu hiyo hiyo inayofanya kigari kiaminike dukani: kuna mwenye nyumba mmoja, anayejua kilichoingia na kilichotoka. Lakini wale maelfu waliochimba kwa mikono walitolewa. Kama njia pekee ya kuwa na mawe yanayotambulika ni kuwaondoa wachimbaji, basi sisi tunaoandika kwa ajili ya wachimbaji hatuwezi kuishangilia.

Je, haiwezekani kuyauliza mawe yenyewe, bila etiketi? Inawezekana, kiasi. Wajerumani wa BGR, ofisi yao ya jiolojia, walitengeneza njia wanayoita alama ya vidole ya madini. Wanachukua unga kidogo wa mawe, wanaupeleka laboratwari, wanatazama ndani yake kuna nini na nini, na umri wake wa kijiolojia, kisha wanalinganisha na sampuli walizohifadhi kutoka milima mbalimbali. Koltani ya mlima mmoja haifanani kabisa na ya mlima mwingine. Hiyo ndiyo kamera tuliyoikosa, jicho linalotazama kitu chenyewe na si karatasi yake. CIRGL iliiweka kati ya silaha zake za ukaguzi. Ila kazi hiyo inataka laboratwari, siku, fedha, na kwanza kabisa sampuli iliyochukuliwa mahali pa kweli na mtu wa kweli. Haiwezi kufanywa kwa kila mfuko. Na milima miwili iliyo karibu karibu, kama ile ya pande mbili za mpaka wa kibali kimoja, si rahisi kuitenganisha. Inafaa kwa kumkamata mwongo mkubwa, haifai kwa mizani ya kila siku.

Tunayasema haya kwa sababu mashini mpya zitakuja, na zingine zimeshapita karibu. Mwaka 2018 kampuni ya Kiingereza Circulor ilianza Rwanda kufuatilia tantale kwa simu, kwa alama za kusoma na kwa kutambua sura ya mfanyakazi. RCS Global nayo ilileta Rubaya simu mahali pa daftari. Kesho atakuja mwingine na chipu ndani ya etiketi, ile inayosomwa bila kuonekana, kama wanavyofanya Decathlon, ambako unatupa nguo zote katika beseni moja na bei yote inatokea mara moja. Ni mashini nzuri. Lakini chipu inasema "mimi ni chipu namba fulani", haisemi ndani ya mfuko kuna nini. Ukiikata kwenye mfuko mmoja na kuifunga kwenye mwingine, itaendelea kusema namba yake kwa heshima ile ile.

Kwa hiyo siku watakapokuja na mkutano chini ya hema, na soda, na vijana wa projet wenye gilet mpya, yako maswali ambayo presida wa cooperative, pamoja na mama zetu wanaouza na kuosha, wanaweza kuuliza bila kuogopa. Mizani ya kwanza itashikwa na nani, na itakuwa kwenye shimo lenyewe au chini barabarani? Huyo mtu atalipwa na nani, na kila mwezi au siku wakikumbuka? Ada itakatwa wapi, na je, iandikwe kwenye risiti ili tuione? Mlima ukiingia mikononi mwa watu wenye silaha, mashini itazimwa siku ile ile, au itaendelea kutoa namba mpaka mtu wa mbali aandike ripoti baada ya mwaka? Na mchimbaji aliyefungiwa mlango, atakula nini wakati huo?

Tena kuna swali moja ambalo hatujasikia likiulizwa mahali popote, na limetoka moja kwa moja kwenye kile kigari. Kina kioo. Mteja anaona kila kitu kinavyoandikwa: hii ni kilo ngapi, hii ni bei gani, jumla ni hii. Kama kimekosea, anasema pale pale, kabla ya kulipa. Katika miaka yote ya etiketi, namba zilipanda kwenda kwa ajenti, kwa comptoir, kwa ofisi za Ulaya na Marekani, zikasomwa na watu ambao hawajawahi kushika sululu. Mchimbaji hakupewa kioo. Hakuambiwa mfuko wake uliosha ukabaki kilo ngapi, wala uliuzwa Goma kwa bei gani, wala namba yake ilisimama wapi. Aliambiwa tu alichobakiziwa.

Nayo haitaki mashini ya dola elfu. Inataka nusu ya pili ya daftari, karatasi ndogo inayobaki kwa mwenye mawe: tarehe, kilo kabla ya kuosha, kilo baada ya kuosha, namba ya etiketi, ada iliyokatwa. Mahali penye usalama, mtoto wa darasa la tano anaweza kuziandika kwenye kaye yake ya shule jioni, baba akimsomea. Mahali pasipo na usalama, msibebe karatasi hiyo njiani na msipige picha mbele ya barrière; namba inaweza kukaa kichwani mpaka nyumbani.